Baa ya mwembeni, Newala: wateja mnaionaje? Maana msimu wa korosho inatugeuka

Mwana wa Kitangari (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Jina la baa silitaji, wa Newala mtaijua tu: ile yenye mwembe katikati ya uwanja, viti vyekundu vya plastiki, na televisheni imefungiwa kwenye kizimba cha nondo kama mahabusu.

Mimi mteja wa pale wa siku nyingi na sina ugomvi na mtu. Nataka tuijadili kwa haki, kwa sababu kila nikikaa na watu nasikia minong'ono ya pembeni, mwenye baa akipita wote wanacheka naye.

Nianze na jikoni, maana hapo sina neno. Mbuzi wa pale unamwona ananing'inia, unaonyesha wewe mwenyewe mguu au mbavu, anapimwa mbele ya macho yako ndipo aende kwenye moto. Hawakuletei nyama iliyolala. Pilipili wanasaga wenyewe na ndimu, si ile ya kwenye chupa. Halafu Juni na Julai, upepo wa bonde la Ruvuma ukipanda huku juu na mtu anatafuta sweta, wanakusogezea jiko la mkaa karibu na meza bila kuombwa. Baa ngapi mnajua zinafanya hivyo?

Sasa shida. Minada ya korosho ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, ikianza tu mwezi wa kumi, bia inapanda mia tano kwa usiku mmoja. Viti vya chini ya mwembe vinakuwa vya wanunuzi, madalali na watu wa maghala. Wanaletwa wahudumu wapya wasiomjua mtu. Sisi tuliokuwa tunakaa pale mwezi wa tatu, mvua inapiga bati, baa nzima watu watano, leo tunaambiwa "hapo pana mtu". Korosho zikiisha, wageni wakaondoka na magari yao, tunaanza kuitwa "kaka, karibu" na bei inateremka kimyakimya.

Hoja yangu ni hiyo. Baa inayoishi kwa wenyeji sehemu kubwa ya mwaka haina haki ya kuwafanya wageni ikipata pesa. Mnasemaje?

Mkorosho Mkavu

Mleta mada una wivu wa bure. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa TANECU kilo ilipovuka 4,000, ulimkumbuka mnunuzi aliyekununulia mwaka wa bei mbaya ukampunguzia? Hukumpunguzia. Ulishangilia. Na mwenye baa anauza bia yake kwa anayelipa. Biashara haina undugu.

Mwana wa Kitangari

Mkorosho, bei ya korosho yangu sipangi mimi. Inatangazwa mnadani, siku hizi kwa mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, watu wote wanaiona kwenye skrini, na asiyeitaka anapiga kura ya kukataa. Wewe pale mwembeni umeshaona bei imebandikwa popote? Bei unaijua bili ikifika. Kupandisha apandishe, ila aandike ukutani nijue nikiwa nimesimama, si nikiwa nimeshakunywa tatu.

Mkorosho Mkavu

Hapo kwenye kuandika ukutani sikupingi.

Dereva wa Masafa

Mimi napita tu, Mtwara kwenda Tunduru mpaka Songea, mara nyingine nakatiza kwa juu huku Newala. Baa ya mwembeni naipa maksi kwa jambo moja: ukiomba bia ya moto hawakushangai. Kuna mahali nikisema "niletee Safari ya moto" mhudumu anacheka anadhani natania. Hapa anauliza mwenyewe, "baridi au ya moto?" Mtu umetoka kwenye vumbi, kifua kimebana, na huku kuna baridi ya mlimani, bia ya barafu ya nini?

Kuku wao wa kienyeji ni mgumu lakini supu yake inasimamisha mtu.

Chale wa Mkunya

Dereva usiwape sifa za bure. Hawaulizi kwa heshima, wanauliza kwa sababu friji halipoozi. Ya moto ipo muda wote. Ya baridi ndiyo ya kubahatisha.

Dereva wa Masafa

Hahaha. Basi tumepatana mimi na friji lao.

Kaunta Mstaafu

Nimesimama kaunta za Masasi na Newala miaka mingi. Si kwenye hiyo baa, kwa hiyo simtetei mtu. Niwaeleze mambo ambayo mteja hayaoni.

La friji. Kreti zikiingia jioni zikiwa na joto la lori, ukazitia kwenye friji ambalo mlango wake unafunguliwa kila dakika, hazitapoa kabla ya watu kwenda kulala. Bia inapangwa asubuhi, za zamani zinasogezwa mbele, mpya zinakaa nyuma, na mlango unafungwa. Umeme ukikatika, usifungue kabisa. Baa nyingi zetu zinafanya kinyume: anasubiri wateja wajae ndipo anakumbuka kupanga. Halafu kwa haraka anazitupa kwenye friza, zinaganda, ukifungua ni povu hadi kwenye suruali na ladha imekwenda na maji.

La ladha mbaya. Wengi wanasema "bia ya pale ina maji" au "wanachakachua". Chupa ya bia yenye kizibo chake huwezi kuichakachua kirahisi hivyo. Kinachoharibu ni jua. Kreti likishushwa nje likakaa mchana kutwa, mwanga na joto vinaivuruga bia. Ya chupa ya kijani ndiyo inawahi kunuka, ya kahawia inavumilia zaidi. Kabla haijafunguliwa ishike uangalie tarehe. Ni haki yako, na mhudumu akinuna mwache anune.

La bei. Bia haioti Newala. Inakuja kwa lori kutoka Mtwara au kupitia Masasi. Ile barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, imekuwa kwenye ujenzi wa lami, na vipande vya udongo vikilowa lori linalala njiani. Msimu ndiyo balaa, malori yote yanakimbilia kubeba korosho kupeleka bandarini Mtwara, kwa hiyo wa kubeba kreti anataja bei anayotaka. Sasa je, hiyo inafika mia tano kwa chupa? Hapo mimi nacheka. Nauli inapanda, lakini haipandi hivyo. Iliyobaki ni ya mwenye baa, na mleta mada ana haki ya kuuliza.

La bili, ambalo hamjalisema na najua mnaliwaza. Mwambie mhudumu chupa tupu zibaki mezani. Akisema meza imejaa, kaa na vizibo. Mwisho mnahesabu pamoja, hakuna kelele. Mnaodhani mnaibiwa kwa roho mbaya, jueni hivi: chupa ikipungua kwenye hesabu ya usiku anakatwa mhudumu. Mteja akitoroka na bili, anakatwa mhudumu. Ndiyo maana mwingine anamwongezea mlevi wa leo bia moja kuziba pengo la aliyetoroka jana. Sisemi ni halali, ni wizi. Lakini umeanzia kwa mwenye baa anayemtwisha binti wa mshahara mdogo hasara ya biashara yake.

Na risiti ya EFD daini. Sheria inambana asiyetoa, inambana na asiyedai.

Chale wa Mkunya

Kaunta Mstaafu umeua. Mambo ya vizibo nimeanza leo leo.

Bi Mdogo wa Luchingu

Naona mmejaa wanaume mnajadili friji. Niwaambie na mimi.

Nafanya kazi hapa mjini, mwisho wa wiki napenda bia yangu moja na ndizi za kuchoma, nisome simu yangu, nirudi nyumbani. Nikikaa pale peke yangu haipiti muda zimefika mbili ambazo sijaagiza. "Umenunuliwa na yule baba pale." Nazirudisha. Kwanza yule baba ananuna, pili mhudumu ananuna kwa sababu mauzo yake yamepungua. Yaani mimi niliyelipa bia yangu ndiye mkosaji wa meza mbili.

Nikamwambia dada wa kaunta, yule mnene mwenye sauti. Tangu siku hiyo ananiwekea kiti karibu naye, na kinywaji kisichoagizwa na mimi hakivuki kaunta. Msimu ukianza na wale wahudumu wa kuletwa, utaratibu wote unakufa, naanza upya. Kwa hiyo mleta mada namuunga mkono, ila kwangu mimi bei si hoja. Mia tano nitalipa. Nataka watu wanaonijua wasiondolewe.

Halafu choo. Hakuna anayesema choo? Cha wanawake kina ndoo moja na kopo, ndoo ikiisha imeisha. Najua maji Newala hayajawahi kuwa mteremko. Yanasukumwa kutoka Mitema huko chini mpaka kwenye uwanda, mgao tumezaliwa nao. Lakini wenyeji wote wa Makonde tunajua kuvuna mvua. Nyumba ya bibi yangu ina kisima cha chini ya ardhi na mifereji kwenye bati, tunakunywa hadi kiangazi. Ukumbi ule una bati refu kuliko shule, na hauna mfereji hata mmoja! Maji yote ya masika yanaishia kuchimba shimo pale mlangoni tunaporuka kama vyura.

Mwana wa Kitangari

Bi Mdogo, hilo la mifereji sikuwahi kulifikiria na nimelowa pale mara ngapi sijui.

Samaki Nchanga Fresh

Mimi kilio changu kimoja. Baa ya Newala, Umakondeni kabisa, menyu ni chipsi mayai na mishikaki kama uko Kariakoo. Ming'oko, viazi vyetu vya porini, hakuna. Samaki nchanga hakuna. Wageni wakija watakula nini cha kwetu?

Mgeni wa Jiji

Samaki nchanga ndio samaki gani hao? Wanatoka Ruvuma?

Samaki Nchanga Fresh

Wanavuliwa shambani mkuu, wana miguu minne. Karibu Newala, utaonjeshwa kwanza, maswali baadaye.

Chale wa Mkunya

Msimwambie. Mwacheni aje.

Jirani wa Ukuta

Assalaam aleikum. Mimi sinywi, dini yangu hainiruhusu, lakini mdau wa baa hiyo kuwashinda nyote, maana ninyi mnailipia kwa pesa na mimi nailipia kwa usingizi. Ukuta wake na chumba changu cha kulala vinatenganishwa na uchochoro.

Nitasema kweli yote. Mwezi wa Ramadhani mwenye baa alizima muziki wakati wa tarawehe, bila mimi wala mwenyekiti wa mtaa kumfuata. Nilimpa mkono na kumshukuru. Siku za kawaida anapiga zilipendwa kwa sauti ya wastani, hata mimi naimba mojamoja nikiwa kitandani, Mungu anisamehe.

Msimu ukifika anakodi mtu wa muziki na spika mbili, zinaelekezwa huku kwetu kwa sababu kule mbele eti zinawasumbua wanaoongea biashara. Singeli mpaka saa nane usiku. Nina wajukuu wanaofanya mitihani ya mwisho wa mwaka miezi hiyo hiyo. Kanuni za udhibiti wa kelele zipo tangu 2015 na NEMC, baraza la mazingira, wanazisimamia, nazifahamu, ila sipendi kumshitaki jirani kabla ya kuzungumza naye. Nilizungumza. Aligeuza spika siku mbili, ya tatu zikarudi.

Bi Mdogo wa Luchingu

Shikamoo mzee. Pole sana. Hilo hata sisi tulio ndani linatukera, unaagiza kwa ishara za mikono.

Jirani wa Ukuta

Marahaba mwanangu. Basi nyie mlio ndani ndio mumwambie. Mimi ananiona mtu wa msikitini nisiyependa maendeleo.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Hamjagusa daftari.

Kuanzia mwezi wa tatu baa ile haiuzi kwa pesa, inauza kwa daftari. Sisi watumishi tunaandikwa hadi mshahara, mkulima anaandikwa hadi msimu. Mleta mada analalamika kugeukwa, lakini hasemi kwamba mwenye baa anabeba madeni ya mji mzima miezi yote ya njaa. Mtu ana deni tangu Pasaka, anakuja kulipa Novemba malipo ya korosho yakiingia benki. Hiyo mia tano ya msimu mimi naihesabu ndiyo riba yake. Tunailipa wote, hata ambao hatukukopa, hapo ndipo pana uonevu, lakini si roho mbaya tu.

Kuna jingine linanitia hofu zaidi ya bei. Pale chini ya mwembe, miezi ya njaa, kuna wateja wanaowanunulia wenzao bia na kuwaandika. Malipo si pesa, ni korosho, nazo bado ziko mtini. Mtu anakunywa wiki nzima kwa raha, Oktoba anakuja kuchukuliwa gunia. Sisemi mwenye baa anahusika, sijaona hilo. Nasema linafanyika mezani kwake. Hiyo ni kangomba, ununuzi wa korosho wa magendo, iwe imefanyika shambani au huku mshikaki uko mkononi. Mnakumbuka 2018 serikali ilipotangaza kununua kwa 3,300 na jeshi likaingia kubeba korosho? Uhakiki wa nani ana shamba na nani ni kangomba ulichelewesha malipo ya watu wengi, wakiwemo wasio na hatia. Tulilala njaa kwa ajili ya mchezo huo huo.

Mkorosho Mkavu

Mwalimu, mtu mzima na akili zake akikubali kulipa gunia kwa bia, utamzuiaje?

Mwalimu wa Zamu

Simzuii yeye. Namzungumzia mke wake aliyepalilia hilo shamba na hakuonja hata soda.

Bi Mdogo wa Luchingu

Mwalimu 👏🏾

Kaunta Mstaafu

Kwenye daftari Mwalimu amenifunga kidogo. Mwenye baa wa mji mdogo asiyekopesha anafunga mwezi wa nne. Lakini kuna njia: mkopaji awe na bei yake na mwenye taslimu awe na bei yake, iandikwe wazi. Kuwatoza wote msimu mzima ni uvivu wa hesabu.

Uraka Kwanza

Mimi msimu ukianza nahama kabisa. Mabibo yameiva, uraka, pombe ya mabibo, umejaa vijijini, mtungi bei ya kutupa, unakunywa mkiwa mmekaa na wazee, muziki ni maongezi. Uraka haulazwi, ukilala umechacha, kwa hiyo siku zote ni wa leo. Baa ya mwembeni nairudia Januari, nakuta viti vitupu nachagua.

Chale wa Mkunya

Uraka sawa. Ila wewe najua huishii kwenye uraka, unamalizia na ile iliyopikwa kwenye pipa, iliyopigwa marufuku kwa sheria tangu 1966. Usitufanye watoto.

Uraka Kwanza

Tuzungumzie baa tafadhali.

Mtani wa Jadi

Naomba mniambie siku ya Simba na Yanga pale kiingilio bado kipo? Mwaka jana nililipa mlangoni, nikanunua na bia, halafu televisheni ikakatika dakika ya sabini.

Dereva wa Masafa

Kipo. Kaa nyuma karibu na kaunta, huko ndiko redio iko. Umeme ukienda unasikiliza.

Moto wa Jikoni

Habari zenu. Mimi ni mpishi wa pale, aliyeniona jikoni ananijua. Uzi wenu umesomwa kaunta tangu mchana, dada wa kaunta amechapisha sifa zake kwa kila mtu, hafai leo.

Nijibu yangu. Ming'oko tulijaribu kuweka. Inahitaji kuchemshwa muda mrefu, na mteja akiagiza anataka sasa hivi. Ukiipika mapema isiponunuliwa unakula mwenyewe nyumbani wiki nzima, nimekula. Atakayeagiza asubuhi kwa simu atapikiwa. Huyo mwenye jina la samaki nchanga, hata wewe, ukija nao tutakukaangia, mkaa ni wetu.

Mwenye baa hayumo humu, nimemsomea. Kwenye mifereji aliuliza nani kasema, nikamwambia mwanamke mmoja, akatoka nje akaangalia bati, akarudi hajasema kitu, lakini jioni alikuwa anaongea na fundi. Kwa mzee jirani amesema atakuja mwenyewe, kwa hiyo mzee usishangae ukigongewa. Kwenye vizibo amecheka sana. Kwenye mhudumu kukatwa hakucheka. Bei za vyakula amesema zitaandikwa ukutani wiki hii. Za bia nilisoma mara mbili, akaniambia nikaangalie nyama isiungue.

Mwana wa Kitangari

Msomee mara ya tatu.

Moto wa Jikoni

Na mbuzi nani atamgeuza? Njoo umsomee wewe, unapita hapa kila siku.

Mwana wa Kitangari

Sawa. Ijumaa nakuja na huu uzi kwenye simu, Mwalimu na Kaunta Mstaafu mkiweza mje. Bi Mdogo pia, wewe anakusikiliza.

Bi Mdogo wa Luchingu

Nakuja, ila bia yangu najilipia.

Dereva wa Masafa

Ijumaa nashuka na mzigo Masasi, naweza kupandisha jioni. Lori linaingia pale uwanjani?

Moto wa Jikoni

Linaingia, ila liegeshe upande wa ghala. Ukiliweka chini ya mwembe popo watalichafua kioo chote.